Diwani, boma la zahanati na safu tatu za hesabu: kisa cha kata moja ya mwambao wa Kigoma

Kati ya Oktoba na Desemba, kila kijiji kinatakiwa kikae, kipange vipaumbele vyake na kuvifikisha kwenye kata, ili halmashauri ipate cha kuingiza kwenye rasimu ya bajeti kabla madiwani hawajaipitisha Januari au Februari. Huo ndio utaratibu. Kwenye kata ninayoiandikia hapa, mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa mji wa Kigoma, vipaumbele vya mwaka wa fedha 2025/26 vilifika mezani kwa diwani mwishoni mwa Oktoba 2024 vikiwa kwenye karatasi moja. Vilikuwa vitano. Diwani alivuta faili la mwaka uliotangulia, akazilaza karatasi mbili pamoja. Vitano vilevile, kwa mpangilio uleule. Hata neno zahanati, lililoandikwa "zahanti" mwaka jana, lilikuwa "zahanti" tena. Kilichobadilishwa ni mwaka tu.

Hakuipitisha. Mtendaji wa kata, kijana ambaye hakuwa na muda mrefu kituoni, akamwambia kwa adabu kwamba ofisi ya mipango inasubiri na muda umekwisha. Diwani akamjibu, "Mwanangu, wakisubiri wiki mbili hawafi. Wewe niambie, haya tuliyoomba mwaka jana yaliishia wapi?"

"Fedha hazijashuka, mheshimiwa."

Majina ya kata, vijiji na wahusika nimeyaacha makusudi. Kisa chenyewe nakileta kwa kirefu kwa sababu kina jambo ambalo madiwani wengi, wazuri kabisa, hulikosa: wanadai maelezo Februari, siku ya baraza la bajeti, wakati kitabu kimeshachapwa na kila shilingi imeshapewa pa kukaa. Kudai hesabu ya mwaka uliopita na kupanga mwaka ujao ni kazi moja, na wakati wake ni kabla ya vipaumbele kutoka kijijini.

Jibu lenye milango mitatu

"Fedha hazijashuka" ni jibu ambalo kila aliyewahi kufuatilia mradi wa kijiji amepewa. Mara nyingi anayelitoa hasemi uongo. Tatizo ni kwamba jibu hilo linafunika mambo matatu yasiyofanana. Huenda mradi haukuwahi kuingia kwenye bajeti. Huenda uliingia, halmashauri ikaidhinisha, lakini fedha yenyewe haikupokelewa, iwe ni ruzuku ya serikali kuu iliyokwama au mapato ya ndani yaliyopungua. Na huenda fedha iliidhinishwa, ikapokelewa, kisha ikatumika mahali pengine. Kila moja lina mtu wake wa kuulizwa. Ukilikubali jibu hilo kama lilivyo, unaondoka bila kujua ugomvi wako uko na nani.

Kwa hiyo diwani aliandika barua kwa mkurugenzi, si kwa afisa mipango, maana diwani hamwamrishi mtaalamu moja kwa moja. Aliomba jambo moja: kwa kila kipaumbele cha kata yake katika miaka miwili iliyopita, aonyeshwe kiasi kilichoidhinishwa, kilichopokelewa na kilichotumika. Safu tatu. Hakuandika neno "ufisadi" wala "ubadhirifu", na naamini hilo ndilo lililomfanya ajibiwe haraka. Mtu akianza na tuhuma, anayejibu huanza kujilinda, na kila karatasi inageuka siri.

Kabla ya majibu, nieleze kilichokuwa nyuma ya barua ile. Kimoja cha vijiji vya kata hiyo kina boma la zahanati, yaani jengo lililosimamishwa kuta bila kukamilishwa. Mwaka 2007 serikali ilipotangaza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, vijiji vingi nchini vilianza kufyatua matofali, na ari hiyo haikuisha mpango ulipoisha. Hapa walianza wamechelewa, lakini walianza kwa nguvu: mawe yalibebwa kwa kichwa, mchanga ulisombwa kwa boti, matofali yakachomwa. Kuta zikafika hatua ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, wakapumzika, maana utaratibu unajulikana: wananchi wanafikisha lenta, serikali inapaua na kukamilisha. Misimu mitatu ya mvua imeshalinyeshea boma lile likiwa wazi. Kozi za juu zimeanza kuachia.

Na si boma la fahari. Kutoka kijiji kile kwenda kituo cha afya kilicho karibu, njia ya uhakika ni boti. Mama akishikwa uchungu usiku na ziwa limechafuka, familia inakaa inasubiri alfajiri. Watu wa kule wanaijua kila nyumba iliyosubiri alfajiri ambayo haikuleta heri. Ndiyo maana diwani hakuweza kuipitisha karatasi iliyonakiliwa.

Kilichoonekana kwenye safu

Majibu yalipokuja, hapakuwa na mwizi. Katika bajeti ya mwaka wa nyuma halmashauri ilitenga fedha za mapato ya ndani kwenye kasma moja, yaani fungu moja la bajeti, iliyoandikwa "ukamilishaji wa maboma ya zahanati". Basi. Hakuna jina la kijiji, hakuna idadi ya maboma. Sehemu ya fedha hiyo ilipokelewa, ikaenda kukamilisha maboma mawili ya kata nyingine. Yote halali, yote yana risiti, na bajeti yenyewe ilipitishwa na madiwani wote, yeye akiwemo, kwa kuunyoosha mkono.

Kwa nini maboma yale mawili na si hili? Diwani aliuliza, akaonyeshwa majalada. Ya wenzake yalikuwa na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji pamoja na orodha ya mahudhurio, makisio ya mhandisi, uthibitisho wa eneo, na hesabu ya mchango wa wananchi. La kijiji chake lilikuwa na barua moja yenye muhuri.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka. Diwani alikwenda kudai uwajibikaji juu, akarudi na madai yanayotazama chini. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane walau mara moja kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Kijiji kile kilikuwa hakijasomewa hesabu kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuutaja kwa uhakika. Karatasi ya vipaumbele nayo ilikuwa imetengenezwa na watendaji peke yao, kwani wenyeviti walikuwa wamefikia ukomo wa muda wao wakisubiri uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024. Na wananchi walikuwa wameshaamua, bila kulisema kwenye kikao, kwamba hawatachangia tena hata tofali moja mpaka wajue ya kwanza yalikwendaje.

Kuna waliomshauri aachane na kijiji, apande kwa mkuu wa wilaya akashtaki kwamba kata yake inabaguliwa. Angepata picha nzuri na makofi. Boma lingebaki na barua moja yenye muhuri.

Kauntabuku chini ya mwembe

Mkutano uliitishwa katikati ya Desemba, wenyeviti wapya wakiwa wameshaapa. Siku ilichaguliwa kwa mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, gizani. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaji kwenye taa, na wanaume wanabaki nchi kavu. Mbalamwezi ya Desemba 2024 iliangukia katikati ya mwezi, na mkutano ukawekwa siku hizo. Anayeitisha mkutano wa kijiji cha uvuvi siku za giza, kisha akalalamika kwamba akidi haikutimia, hajataka akidi.

Daftari la michango lilikuwa kwa mzee mmoja wa kamati ya ujenzi, kauntabuku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa kuogopa panya na mvua. Aliyesoma ni mtendaji wa kijiji. Alisoma jina moja moja, kiasi na tarehe, mchana kutwa. Wakati fulani watu walichoka na wengine wakataka jumla tu, diwani akakataa: "Hapana jamani. Kila aliyetoa asikie jina lake."

Ndipo mzee mmoja akasimama. "Mheshimiwa, mimi sikutoa hela. Nilitoa boti yangu siku nzima ikabeba mchanga. Mbona simo?"

Hakuwa peke yake. Waliobeba mawe hawakuwemo, mafundi waliofanya kazi bila ujira hawakuwemo, akina mama waliochota maji ya kuchanganyia zege hawakuwemo. Sehemu kubwa ya jengo lile haikuwa kwenye daftari lolote. Mkutano ukaamua kurasa mpya zifunguliwe: tripu za mchanga, mawe, siku za fundi, maji. Iliandikwa pale pale, kila mtu akishuhudiwa na jirani yake. Baadaye mhandisi wa halmashauri alizithaminisha, na kwa mara ya kwanza jalada likawa na thamani halisi ya mchango wa wananchi, ambayo ndiyo inayoipa nguvu hoja ya kijiji mezani. Kwangu mimi hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Wananchi maskini wanapoambiwa hawajachangia kwa sababu mchango wao haukuwa noti, wanadhulumiwa mara mbili: kwanza jasho, kisha kumbukumbu yake.

Kulikuwa na pengo pia. Mifuko kumi na miwili ya saruji ilionekana imetoka na haikurudi. Mwenyekiti aliyemaliza muda wake aliitwa, akaja, akaeleza kwamba ilikwenda kukarabati nyumba ya mwalimu iliyopasuka. Nyumba ipo, imekarabatiwa, kila mtu anaiona. Hakuna aliyekula saruji, ila hakuna aliyeulizwa. Maneno yalikuwa makali, na baadhi walitaka alipe. Mwishowe iliandikwa kwenye muhtasari kama saruji iliyohamishwa bila idhini, na ikaamuliwa kwamba kuanzia siku hiyo kifaa hakitoki stoo bila saini tatu. Nadhani waliamua vizuri. Fedheha ya kusomewa mbele ya majirani ilikuwa adhabu tosha kwa jambo lile, na mwalimu hakunyang'anywa nyumba.

Palepale mama mmoja alikumbusha mwaka 2021, zilipokuja fedha za UVIKO-19 na madarasa kujengwa. Kila mtu alijua darasa moja ni shilingi milioni 20, kwa sababu redio ilisema, mkuu wa shule alisema, hata watoto walisema. Watu walikuwa wakipita pale wanahesabu bati. Kiwango kikijulikana, ulinzi unakuja wenyewe. Boma la zahanati halikuwa na kiwango kinachojulikana kijijini, ingawa katika miaka ya karibuni serikali kuu imekuwa ikitoa shilingi milioni 50 kwa boma moja la zahanati zinapopatikana.

Vipaumbele vilivyobisha hodi nyumba isiyo yao

Kamati ya Maendeleo ya Kata ilikaa baada ya mikutano ya vijiji vyote. Diwani ndiye mwenyekiti wake, mtendaji wa kata ni katibu, wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Watu wengi hawajui kwamba kata haina mfuko wake. Kijiji kina akaunti, halmashauri ina bajeti, kata ni daraja. Diwani asiye na karatasi za vijiji hana cha kuvusha.

Vile vipaumbele vitano vilikuwa zahanati, madarasa mawili, barabara ya kwenda mwaloni (ufukweni ambako samaki hushushwa), maji ya bomba na choo cha mwalo. Kamati ilipovikagua kimoja kimoja iliona kwamba viwili kati ya hivyo vilikuwa vikipelekwa miaka yote mahali pasipo na fedha zake. Barabara za wilaya zilitoka mikononi mwa halmashauri TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoanza kazi Julai 2017. Maji vijijini yako RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, tangu 2019. Mameneja wao huja barazani na kutoa taarifa, lakini mafungu yao hayapitii kwenye kitabu cha halmashauri. Kata ilikuwa ikiomba barabara kwa asiye na greda, na kila mwaka inaambiwa fedha hazijashuka.

Barua mbili ziliandikwa, moja kwa kila taasisi, zikiwa na muhtasari na majina ya vitongoji, kabla nao hawajafunga mipango yao. Vilibaki vitatu vya halmashauri. Kamati ikaamua zahanati iwe ya kwanza na iandikwe kwa jina la kijiji, pamoja na hatua inayoombwa: kupaua, ripu, sakafu. Madarasa yakafuata. Choo cha mwalo kikawa cha mwisho, na hapo mimi sikubaliani nao hata leo. Mwalo ndio unaoiletea halmashauri ushuru wa mazao ya uvuvi, na wanawake wanaoanika dagaa pale kutwa nzima hawana pa kujisitiri. Mahali panapotoa fedha pasirudishiwe hata tundu la choo, hilo si sawa.

Upande wa mapato

Diwani huyu aliwahi kuuza dagaa miaka mingi kabla ya siasa, na hilo lilimsaidia pale ambapo wengi husinzia: kwenye jedwali la maoteo, yaani makadirio ya mapato. Mwaka 2024 serikali ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Maana yake karibu nusu ya mapumziko iliangukia mwisho wa mwaka mmoja, na nusu mwanzo wa mwaka unaofuata, na kila mwaka wa fedha unaoguswa na mapumziko ya aina hiyo unapoteza ushuru wa wiki kadhaa. Rasimu ya maoteo ya mwalo wake ilikuwa imegawa ushuru kwa miezi kumi na miwili, kana kwamba ziwa halifungwi.

Aliuliza kwenye kamati ya halmashauri, na swali lake halikuwa la kuonyesha kwamba anajua. Mapato ya ndani yakikadiriwa juu kuliko uhalisia, bajeti inapendeza Februari, lakini ikifika robo ya tatu kapu linakuwa na pengo. Mishahara ya serikali kuu haiguswi na posho za vikao ni ngumu kuguswa. Kinachoachwa njiani ni boma. Hata ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inakatwa kwenye makusanyo halisi, kwa hiyo vikundi navyo vinapewa ahadi isiyo na kitu. Maoteo ya mwalo yalishushwa. Kuna diwani mwenzake aliyemlaumu kwamba anapunguza bajeti ya halmashauri. Alikuwa anapunguza ndoto, na fedha zilizobaki zikawa za kweli.

Baraza la bajeti lilipokaa Februari 2025, boma lilikuwa kwenye kitabu kwa jina la kijiji, na kiasi cha kutosha kupaua na kupiga ripu. Milango, madirisha na samani vilibaki nje. Madarasa hayakupata kitu. TARURA ilijibu barua kwa kuahidi kuingiza kipande korofi cha barabara kwenye matengenezo. Upande wa maji bado ulikuwa kimya nilipoacha kufuatilia.

Maneno hayakukosekana. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, wapo waliosema diwani, mama huyu, anatafuta kura. Huenda kweli alikuwa anazitafuta; ni haki yake. Ila safu tatu zilizobandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji hazimjui mgombea. Zinasomeka na mpinzani wake vilevile.

Robo ya kwanza ya mwaka 2025/26 iliisha 30 Septemba 2025, kampeni zikiwa zimepamba moto kuelekea 29 Oktoba na kiti cha udiwani kikiwa wazi. Mkutano mkuu wa kijiji hauhitaji diwani ili ufanyike. Unamhitaji mwenyekiti na mtendaji. Kijiji chenye boma kiliuitisha wakati wa mbalamwezi ya Oktoba na kusomewa safu ya pili, "iliyopokelewa", ambayo ilikuwa bado sifuri, na kikamwagiza mwenyekiti aandike kwa mkurugenzi kuuliza sababu. Vijiji vingine vya kata havikukaa.